Unga wa mikoriza kwenye milimau na michenza: uzoefu wangu hapa Veyula, Dodoma

Kama miche yako ya jamii ya machungwa bado iko kwenye viriba, nunua. Kama una miti mikubwa inayozaa na unatafuta mkato wa kuongeza matunda, hela hiyo kanunulie samadi.

Naongelea unga wenye mbegu za mikoriza, fangasi wa udongoni wanaoishi ndani ya mizizi. Jirani yangu wa zabibu, ambaye msimu mzima yuko na bomba mgongoni akipuliza dawa ya fangasi, alicheka sana: "Yaani wewe fangasi unawanunua?"

Ndiyo, na kuna sababu. Michungwa na ndugu zake wana vinyweleo vya mizizi vichache na vifupi. Fosforasi, chakula muhimu cha mmea, nayo haitembei udongoni. Mzizi ukishamaliza iliyo jirani, imetoka hiyo. Nyuzi za fangasi hawa huenda sentimita kadhaa mbele, zikaleta fosforasi, zinki na shaba, na mti huwalipa sukari. Huko Marekani wenye vitalu waliwahi kufukiza udongo kuua magonjwa, miche ya michungwa ikadumaa. Kumbe waliua na hawa.

Nilitia unga wakati wa kuhamishia miche shambani, ukigusa mizizi yenyewe. Kuunyunyiza juu ya ardhi kuzunguka shina ni kuutupa. Mstari mmoja niliuacha bila kitu, nipate cha kulinganisha.

Mvua za kwanza sikuona tofauti yoyote, nikaanza kumwelewa jirani. Kiangazi ndipo mambo yalipojitenga. Mchanga wetu huu mwekundu ulipokauka na upepo kuanza, miche iliyotiwa ilibaki kijani na kuendelea kuchipua. Ule mstari mwingine ulitoa majani madogo yenye njano katikati ya mishipa, dalili ya njaa ya zinki. Kuhusu mavuno siwezi kuapa: milimau iliyotiwa imetangulia kuzaa, lakini mstari wake uko karibu na simtanki, na maji Dodoma ni nusu ya mavuno.

Kilichonikera ni duka. Pakiti zilipangwa dirishani, jua la saa nane likizipiga, wakati ndani yake mna viumbe hai. Dai zilizokaa kivulini na usome tarehe ya mwisho. Karatasi ya maelezo nayo haisemi neno kuhusu DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi, na hapo ndipo wengi watapoteza hela: mti ukishiba fosforasi ya dukani, hauwakaribishi tena hawa fangasi. Mimi nimebaki na samadi na mbolea ya fosfati ya Minjingu kidogo, ambayo huyeyuka taratibu. Katikati ya mistari napanda kunde na karanga, kwa kuwa mizizi yake inawahifadhi fangasi hawa. Kabichi na chainizi haziwapokei kabisa.

Bei? Kwa miche michache inavumilika, kwa ekari nzima inauma. Kwa hiyo pakiti ya mwisho nimeitia kwenye ndoo ya mchanga niliyopanda mtama, fangasi wazaliane kwenye mizizi yake. Ukishakomaa nitauacha ukauke, nikatekate mizizi, niichanganye na mchanga wake kwenye viriba vya msimu ujao. Mwenye duka asinisikie.