TAHADHARI: "Waranti ya maisha" ya pete. Ombeni karatasi kabla kadi haijapita

Ndugu zangu mlio huku Marekani, hasa mnaojiandaa kuvishana pete: nimepigwa dola 249, tena nikiwa macho makavu.

Mwaka jana mwezi wa tano mimi na mwenzangu tuliingia duka la vito kwenye jengo moja la maduka hapa Houston. Tulishakubaliana jiwe liwe tanzanaiti, angalau kitu kimoja kwenye harusi kitoke nyumbani. Muuzaji, kijana mchangamfu mwenye tai, akatuambia jiwe hilo "linachimbwa Afrika Kusini". Hapo hapo ningegeuza. Tanzanaiti haichimbwi popote duniani isipokuwa Mererani, kwetu Tanzania, na mtu asiyejua hata hilo atanifundisha nini kuhusu kulitunza? Lakini pete ilikuwa nzuri jamani. Dhahabu nyeupe ya karati 14, almasi ndogo ndogo pembeni, dola 1,850.

Tukiwa tunalipa ndipo akaleta neno. Ongezeni 249 mpate waranti ya maisha, chochote kikitokea mnaileta. Nikauliza, jiwe likidondoka? "Chochote." Na pete ikipotea? Akacheka, akasema tutaona. Karatasi ya masharti ilitoka kwenye mashine pamoja na risiti, baada ya kulipa. Nikaikunja, nikaitia kwenye pochi. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Miezi kumi na minne baadaye almasi moja ikadondoka. Nikaenda. Dada wa kaunta akatazama kompyuta, akaniambia mkataba wangu ulishakufa. Kumbe kila miezi sita pete ilitakiwa ipelekwe dukani kwao, ikaguliwe na ukaguzi uandikwe. Mimi nilikuwa nimekwenda mara moja tu. Halafu nikajimaliza kwa mdomo wangu mwenyewe: nikamsimulia kwamba kuna sonara jirani aliwahi kunikazia kijino kimoja kinachoshika jiwe, kwa dola 10. Ah, fundi wa nje akigusa pete, mkataba unafutika.

Nikarudi nyumbani, nikaikunjua ile karatasi na kuisoma kwa mara ya kwanza. Lililoniuma zaidi sikuambiwa dukani. Mkataba ulikuwa unahudumia almasi na dhahabu tu. Mawe ya rangi yakipasuka au kumeguka, hayamo. Tanzanaiti ni jiwe la rangi! Yaani jiwe lililotupeleka dukani halikuwa na ulinzi wowote tangu siku ya kwanza, na kijana alijua anatuuzia pete ya jiwe gani.

Na hapa wenye tanzanaiti mnisikilize vizuri. Jiwe letu ni laini. Kwenye kipimo cha ugumu wa mawe kiitwacho Mohs lipo kati ya 6 na 7, almasi ni 10, na lina upande mmoja ambao likigongwa hupasuka kirahisi. Halitakiwi kuingizwa kwenye mashine ya kusafishia vito kwa mtetemo, wala kupigwa mvuke wa moto. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki laini vinatosha. Sasa ile siku moja niliyokwenda kukaguliwa, waliichukua pete yangu wakaitumbukiza kwenye kibeseni kinachovuma kama mzinga wa nyuki. Leo ndani ya jiwe kuna mstari mwembamba kama unywele. Siwezi kuapa kwamba ni ile mashine. Huenda niliigonga kwenye sinki nikiosha vyombo. Ila nililipia mkataba ulionilazimisha kupeleka jiwe kwa watu wanaoliosha hivyo, kisha mkataba huohuo unasema likipasuka shauri yako.

Sheria ya hapa ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inampa mnunuzi haki ya kusoma waranti ya maandishi kabla ya kununua bidhaa inayozidi dola 15. Lakini kitu unacholipia pembeni kisheria si waranti, hata wakikiita hivyo mchana kutwa. Ni mkataba wa huduma, na masharti yake nayo yanatakiwa yawekwe wazi. Kwa hiyo mkiambiwa "chochote", mwombeni muuzaji awaoneshe kwa kidole hilo neno lilipoandikwa.

Kupotea na kuibiwa ni kazi ya bima. Nanyi wenye bima ya nyumba msijibweteke: nyingi zinaishia dola 1,500 kwa vito vilivyoibiwa, mpaka uiandikishe pete yenyewe peke yake na kuilipia.

Almasi nimeiweka upya kwa yule yule sonara jirani, dola 70. Rangi ya rodiamu inayoipa dhahabu nyeupe mng'ao itafifia tu, nayo nitampelekea yeye. Malalamiko nimeyapeleka kitengo cha kulinda wateja katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Texas, bado nasubiri.

Mliosaini karibuni, itafuteni karatasi yenu usiku huu. Yangu ilikuwa na mstari mdogo chini kabisa: kughairi ndani ya siku 30 unarudishiwa pesa yote. Nimeuona mwezi wa kumi na nne.