TAHADHARI KIGOMA: Kipande cha chesesi unachoonyeshwa sicho utakachowekewa

Wenye Land Cruiser za zamani, Land Rover, Hilux na gari yoyote yenye chesesi (yale mataruma ya chuma ya chini yanayobeba bodi na injini) hapa Kigoma, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna fundi wa kuchomelea pande za Mwanga. Jina silitaji kwa sababu mtendaji wa kata ameshatuita na sitaki kuharibu shauri, ila namna anavyofanya nitaieleza yote, ili ukikutana nayo kwake au kwa mwingine uitambue.

Gari langu ni pikapu, Land Cruiser HZJ75, ile ya injini ya 1HZ. Injini haijawahi kunisumbua. Kilichonisumbua ni chuma cha chini. Aliyeniuzia alikuwa anabeba chumvi ya Uvinza miaka na miaka, viroba vinamwaga, mvua inanyesha, chumvi inateremka mpaka kwenye chesesi. Chesesi ya gari hizi ni boksi, ndani kuna uwazi. Matope na chumvi vikiingia kwenye yale matundu vinakaa humo na unyevu wake, kutu inakula kutoka ndani, na wewe ukiinama unaona rangi nzima tu. Wengi tunajidanganya kwamba kwa kuwa Tanganyika ni ziwa la maji baridi, kutu ya chumvi ni ya watu wa Tanga na Dar. Hata kama gari lako halijabeba chumvi, kama lilitoka Uingereza au kaskazini ya Japani, huko barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Linaweza kukufikia limeshaanza kuliwa.

Mwezi wa tatu nilianza kusikia bodi linalia nyuma upande wa kushoto. Utingo wangu, ambaye ni mtoto wa dada yangu, akaingia chini na bisibisi. Akasukuma kidogo tu karibu na difu, pale springi inaposhikwa kwenye chesesi, bisibisi ikazama. Akaniita, "Mjomba, njoo uone." Kilichomwagika kwenye lile tundu kilikuwa kama majani ya chai.

Nikaelekezwa kwa huyo fundi. Akanitolea kipande cha chesesi kilichokatwa kwenye gari la mnada, bado kina rangi nyeupe ya magari ya mashirika. Kizito, kizima. Nilikigonga na nyundo kikalia kama kengele. "Mzee wangu, hiki ndicho chako. Kibovu chote nakikata, naweka hiki." Nikachukua msumari nikakikwaruza alama ya X karibu na tundu la bolti, kisichanganywe na cha mtu mwingine. Tukakubaliana 1,850,000. Nikatoa 1,200,000 palepale, bila karatasi yoyote.

Siku ya tatu nikaenda kuangalia. Gari limefunikwa turubai, akaniambia nisisogee, moto wa kuchomelea utaniumiza macho. Siku ya sita likawa tayari: chesesi yote imepakwa lami nyeusi, nene, inang'aa. Akasema ni ya kuzuia kutu. Nikamalizia hela yake na vijana wake nikawapa ya soda.

Haikufika miezi miwili. Tulikuwa tumepakia madumu 40 ya mawese tunakwenda Kasulu. Kabla ya Kidahwe, tukiwa tunapanda kilima, ukasikika mlio kama tawi kubwa linakatika. Bodi likalala kushoto, tairi likaanza kusaga bodi. Mtoto wa dada yangu alikuwa amekaa juu ya madumu. Tungekuwa tunateremka kwa mwendo, ningemrudisha kwa mama yake vipi? Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Gari likavutwa mpaka kwa kijana mwingine aliyesomea kuchomelea VETA. Akaanza kubandua lami kwa tindo huku nimesimama. Chini ya lami kuna puti, ule uji wa kuzibia mashimo unaokauka ukawa mgumu, nene kama kidole. Chini ya puti kuna bati, bati jepesi la kukatwa kwa mkasi, limeshikizwa kwa vidoti vya kuchomelea. Na nyuma ya bati umesokomezwa mfuko wa saruji uliokunjwa, ili puti isidondokee ndani. Maandishi ya mfuko bado yanasomeka. Kutu yangu yote iko vilevile, haijaguswa hata na brashi ya waya. Vile vidoti alivichomelea juu ya kutu, havikushika, na pale moto ulipopita kile chuma chembamba kilichobaki kikatoboka zaidi.

Nikarudi Mwanga siku ileile. Kipande cheupe kiko chini ya mwembe, na X yangu ipo. Kuna dereva mmoja wa Manyovu amekishika, anakigonga na nyundo kama nilivyofanya mimi. Nikamwonyesha picha za mfuko wa saruji kwenye simu. Aliondoka na gari lake.

Sasa nawaeleza nilichokiona kwa huyu kijana wa pili, maana hiyo ndiyo kazi. Kwanza alitoa tangi la mafuta na kufungua waya za betri. Akakata mpaka akakuta chuma kinachong'aa pande zote, si kubandika juu. Pleti ikawa na unene uleule wa chesesi, na ncha zake akazikata mshazari, kwa sababu ukichomelea mstari mmoja wima kutoka juu mpaka chini, hapohapo ndipo chesesi itakapokatikia baadaye. Akanipigia simu nije nione kabla hajapaka praima, ile rangi ya kwanza. Mwisho akazibua matundu ya kutolea maji na kupuliza oili ndani ya boksi.

Fundi akikukataza kuona chuma kikiwa wazi, usimlipe salio. Kama kashapaka, pita na sumaku: kwenye puti nene haishiki. Gonga na nyundo: chuma kizima kinalia, puti inatoa sauti ya kufa, kama unagonga ubao. Anayenunua gari lenye lami mbichi chini, afanye hivyohivyo kabla ya kuhesabu hela. Atazame pia namba ya chesesi, kwenye hizi pikapu imegongwa mbele upande wa kulia. Yangu yule fundi wa kwanza alikuwa ameizika kwenye lami, na namba isiyosomeka ni balaa lingine siku ya ukaguzi au ya kubadilisha jina kwenye kadi.

Kwa mtendaji swali la kwanza lilikuwa mkataba uko wapi. Sina. Nina picha, mfuko wa saruji na lile bati, vyote nimevihifadhi. Andikishianeni, hata kwenye karatasi ya daftari: unene wa pleti, anakata wapi mpaka wapi, anaweka nini.

Tunakutana tena Jumatano asubuhi, ofisi ya kata. Dereva wa Manyovu amesema atakuja. Kama na wewe ulionyeshwa kipande cheupe chenye X ya msumari karibu na tundu la bolti, njoo, na kama gari lako limepakwa lami, usilipakie mzigo kabla hujaigonga chesesi.