Pipa la Buluu la Lita 120: Mkaa Wangu Umepita Masika Bila Kurowa

Nimelitumia pipa hili kuanzia mwanzo wa Machi hadi mwisho wa Mei, miezi ya masika ambayo Pemba hupata mvua zake kubwa, na ninawaandikia wenzangu wanaochoma mishkaki, pweza na samaki nje ilhali mkaa wao bado unakaa ndani ya polo, yaani gunia la sandarusi, chini ya upenu, kama ulivyokuwa wangu hadi mwaka jana. Mimi huchoma kila jioni hapa Wete, na mkaa uliorowa kwangu ni hasara ya siku hiyo hiyo.

Ni pipa la plastiki ngumu la rangi ya buluu, lenye mdomo mpana unaokaribia upana wa tumbo lake. Kifuniko chake kina mpira mweusi uliolala ndani ya mfereji, na juu yake hupita pete ya chuma inayobanwa kwa kishikio kimoja. Haya ni mapipa yaliyokwisha kutumika kubebea bidhaa, ambayo huuzwa tena yakiwa matupu. Langu nililinunua Chake Chake kwa shilingi 40,000, nalo hubeba kilo 30 hivi za mkaa kulingana na ukubwa wa vipande. Yapo pia yale yenye vizibo viwili vidogo juu, lakini hayo yafaa maji, kwani mkono hauingii wala koleo halipiti. Kabla ya kulipa, ingiza kichwa unuse. Langu lilinuka achari. Nililiosha kwa sabuni na ndimu, nikalianika siku mbili, na harufu ikatoka. Lile linalonuka dawa au rangi liache dukani hata ukipunguziwa bei, maana mkaa hunyonya harufu, na kitu cha namna hiyo si cha kukiweka karibu na chakula cha watu.

Naomba nieleze kwa nini nilifika hapo. Mwaka jana polo langu halikupigwa na tone la mvua, na bado mkaa ulirowa. Kipande cha mkaa kina vitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho, navyo hunywa unyevu kutoka hewani. Hewa yetu ya pwani wakati wa masika imejaa unyevu usiku na mchana, na sandarusi iliyofumwa haiwezi kuuzuia. Chini yake sakafu ya saruji nayo hupandisha maji polepole, hivyo mkaa wa kitako cha polo ndio ulioharibika kwanza, nami sikujua mpaka nilipoufikia. Tena mkaa mwingine tunaoutumia hutoka Tanzania Bara kwa jahazi, na ule uliorushiwa maji ya bahari njiani hubaki na chumvi, ambayo nayo huvuta unyevu kila hewa inapokuwa nzito. Jioni moja niliujaza kwenye seredani, nikapepea hadi mkono ukachoka, na kilichotoka ni moshi mweupe na cheche, vipande vikialika na kurusha makaa hadi miguuni mwa wateja. Moto ulikuwa ukifanya kazi ya kukausha maji kabla ya kufanya kazi ya kuchoma. Pweza alikaa juu ya wavu mpaka akawa mgumu kabla hajashika rangi, na watoto wawili waliotumwa na mama yao niliwarudisha mikono mitupu. Jambo hilo liliniuma kuliko fedha niliyopoteza.

Sasa pipa. Usiku mmoja wa Aprili mvua ilinyesha tangu isha hadi alfajiri, na pipa lilikuwa nje uani kwa sababu nilisahau kuliingiza. Asubuhi nilifuta maji juu ya kifuniko, nikafungua pete, nikatoa vipande viwili vya juu na kuvigonganisha. Mkaa mkavu hulia kama kigae cha chungu, sauti nyembamba na safi. Uliorowa hutoa sauti butu kama ya kuni mbichi. Vyangu vililia kama kigae, na vumbi jeusi likaruka vidoleni. Jioni ile moto ulishika kwa kumbi moja la nazi. Tangu hapo sijawahi kufungua pipa nikakuta mkaa umerowa kwa maji yaliyoingia kutoka nje.

Nasema kutoka nje kwa makusudi, kwa kuwa pipa hili halikaushi kitu. Linahifadhi unachokiweka, kikiwa kikavu au kibichi. Mwezi huo huo nilinunua polo kwa muuzaji mmoja, mdomoni mkaa mzuri unaong'aa, na kwa haraka nikaumimina wote pipani bila kuupekua. Baada ya wiki nilikuta matone yamening'inia chini ya kifuniko, na mkaa wa kati ulikuwa umerowa kama siku ulipotoka sokoni, kwani maji yake hayakuwa na pa kutokea. Lawama hiyo silipi pipa. Nilitandika jamvi uani nikaumwaga wote, nikaugeuza asubuhi na mchana, na kila wingu lilipokaribia nikaukusanya mbio. Nani Pemba hajakulia katika kazi hiyo? Sote tumeanika karafuu, tunajua kitu kinachoanikwa hakiachwi peke yake. Siku mbili za jua zilitosha, na sasa hakuna mkaa unaoingia pipani kabla ya kulala kwenye jamvi.

Mpira wa kifuniko ndio roho ya pipa, na ndio wa kuuangalia unaponunua. Upitishe kidole mzunguko mzima. Ukiwa na mpasuko au umekauka na kuwa mgumu, tafuta pipa jingine. Ukiwa mzima, adui yake ni vumbi la mkaa lenyewe: punje ndogo iliyokaa ndani ya mfereji hunyanyua kifuniko kiasi cha unywele, na hapo ndipo hewa hupita. Nina kitambaa kikavu kimefungwa kwenye kishikio kwa kazi hiyo moja, na nikishachota hupangusa kwanza ndipo hufunga.

Kasoro ya kweli ni pete. Hewa ya chumvi imeanza kuipiga kutu kwenye kiungo cha kishikio, na katika mwezi wa pili wa kulitumia pipa ilikuwa ngumu kufungua. Kwa sasa ninaipaka mafuta ya nazi kila Ijumaa, nayo inateleza, ingawa sidhani kama itaishi umri wa pipa lenyewe. Pipa pia halipendi jua: likikaa juani mchana kutwa kisha likapoa usiku, unyevu kidogo uliobaki ndani hugeuka matone chini ya kifuniko. Langu limekaa kivulini, juu ya matofali manne, na huweka karatasi za kaki juu ya mkaa zinyonye kinachodondoka.

Hapa nasisitiza kwa moyo wote: makaa yaliyobaki kwenye seredani yasirudishwe pipani usiku ule ule. Kaa lililofunikwa na jivu huonekana limekufa na bado lina moto ndani hadi kesho yake, na plastiki haina kinga mbele yake. Yangu huyatia katika debe la chuma lenye kifuniko, yakazimika kwa kukosa hewa, na huyarudisha baada ya siku nzima nikiwa nimeyashika kwa mkono. Mkaa uliotoka tanuri karibuni nao ulale nje siku nzima kwanza, kwa kuwa unaweza kupata joto wenyewe ukirundikwa.

Bibi yangu aliweka mkaa wake kwenye uchaga juu ya mafiga, moshi na joto la jiko vikiukausha kila siku, na katika njia zote nilizoziona hakuna iliyoushinda uchaga ule. Lakini nyumba zetu nyingi sasa hazina jiko la aina hiyo. Pipa la chuma nililijaribu zamani, likatoboka kitako kwa kutu. Kwa familia inayochoma mara moja kwa wiki, ndoo ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana inatosha, na hakuna haja ya kutumia shilingi 40,000. Kwa anayechoma kila siku, pipa hili limerudisha fedha yake ndani ya msimu mmoja, kwani sijamwaga mkaa hata ndoo moja.

Kabla ya vuli kuanza Oktoba nitatafuta jingine la lita 60 kwa ajili ya mkaa wa vifuu, ambao vipande vyake ni vidogo na moto wake ni mkali, nami sipendi uchanganyike na ule wa miti. Safari hii nitakwenda dukani na kitambaa changu mkononi, na nitaanza na mpira.