Waliniambia "kama hujaridhika toa hela zako", na kutoa nako kuna ada

Naandika haya hasira haijanitoka. Mfuko wa uwekezaji nilikoweka hela siutaji jina kwa sababu mgogoro wetu haujaisha na bado nina vipande kule, yaani sehemu zangu za mfuko. Ila wewe mwenye vipande kwenye mfuko wowote wa uwekezaji wa pamoja, ule ambao watu wengi wanachanga hela na meneja anawawekezea, nisome mpaka mwisho, maana lililonikuta lilianza na ujumbe mfupi wa simu ambao wengi wetu tunaufuta bila kuumaliza.

Ujumbe ulisema kuanzia mwezi unaofuata ada ya uendeshaji inapanda kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 2 kwa mwaka, na anayeuza vipande atakatwa asilimia 2, "vipande vyote". Mwishoni wakanishukuru kwa kuendelea kuwaamini. Mimi nilipojiunga, miaka kadhaa iliyopita, ada ya kujitoa haikuwepo. Ndiyo sababu niliuchagua mfuko huu. Nauza mchele Tandika, hela yangu leo ipo, kesho naihitaji kununua mzigo, kwa hiyo mahali pa kuweka bila kukatwa wakati wa kutoa palinifaa.

Nikaenda ofisini kwao Posta. Kaunta yupo kijana, umri wa mwanangu wa pili. Shikamoo hakuna. Macho kwenye kompyuta, mdomoni bazoka, na neno la kwanza kutoka kwake ni: "Mama, ujumbe si ulipata? Sasa shida iko wapi?"

Nikamwambia naomba waraka wa matoleo, ile karatasi yenye masharti na ada za mfuko, wa wakati ule nilipojiunga, nione palipoandikwa kwamba mnaweza kuniwekea ada ya kujitoa mkiwa mmeshapokea hela yangu. Akasema huo wa zamani haupo, wanatumia mpya. Nikasema mimi sikujiunga kwa huo mpya. Hapo ndipo alipoinua uso kwa mara ya kwanza: "Mama, kama hujaridhika toa hela zako. Hakuna anayekulazimisha kukaa."

Nikamuuliza, nikitoa zote leo nakatwa kiasi gani? Akabonyeza, akanigeuzia kioo. Nilikuwa na milioni 12 kasoro kidogo. Makato, karibu laki mbili na arobaini. Akaendelea kutafuna.

Jamani. Unanipandishia ada, nikilalamika unanionyesha mlango, na mlango wenyewe umeuwekea ushuru wiki hiyohiyo. Hapo hiari yangu iko wapi? Mfuko ungepandisha ada ya mwaka peke yake ningenuna, ningehamisha hela kwingine, basi. Ungeweka ada ya kujitoa kwa wanaojiunga leo, nisingekuwa na neno, mtu anaingia akiwa anajua. Ila hizi mbili kwa pamoja, kwa watu waliomo tayari, ni kumfunga mtu miguu kisha kumwambia yuko huru kuondoka. Na kijana wa watu ananiambia hivyo bila hata salamu!

Kwa wanaosema nusu asilimia ni kitu gani, naeleza. Ada ya uendeshaji haikatwi kwenye faida. Inakatwa kwenye thamani yote ya mfuko, mwaka wa faida na mwaka wa hasara, kidogokidogo kila siku, kabla thamani ya kipande haijatangazwa. Bei ya kipande unayoiona imeshakatwa. Ndiyo maana huwezi kuiona kwenye taarifa yako kama unavyoona makato ya benki. Kwa milioni 12, nusu asilimia ni elfu sitini kila mwaka, na kadiri hela inavyokua nayo inakua. Elfu sitini kwangu ni faida ya siku nyingi za kusimama juani. Nilitaka kuambiwa inakwenda kufanya nini. Mpaka leo sijaambiwa.

Jirani yangu wa sokoni, ambaye shemeji yake alisoma India, ndiye aliyenitia nguvu. Huko kanuni zao za mifuko za 1996 zilitaka meneja anapobadilisha ada au mambo ya msingi ya mfuko kwa namna inayowagusa wenye vipande, amwandikie kila mmoja, na ampe nafasi ya kutoka kwa thamani ya siku hiyo bila ada ya kujitoa. Sisemi sheria ya India inatawala Posta. Nasema haki hii si kitu nilichokiota mimi usiku.

Nikaenda kwa kijana wa steshenari, nikamsomea, akachapa. Barua fupi, ukurasa mmoja. Kwamba nilijiunga kwa masharti haya. Kwamba naomba kuuza vipande vyangu vya zamani kwa masharti yale yale. Kwamba naomba sababu ya kupandisha ada ya mwaka, kwa maandishi. Chini kabisa tukaweka "Nakala kwa": Mwangalizi wa Mfuko, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mwangalizi wengi hawamjui. Hela zenu hazikai mfukoni mwa meneja, zinashikwa na mwangalizi, mara nyingi benki, na moja ya kazi zake ni kuwalinda wenye vipande. Nayo Mamlaka ipo kwa sheria ya 1994, na ndiyo inayotoa leseni kwa mameneja. Barua inayopitia kwa hao wawili haisomwi kama barua ya muuza mchele.

Safari ya pili sikupita kaunta. Nilikwenda masjala. Pale kuna mama mmoja, Mungu ampe maisha marefu. Alisimama, akanikaribisha kiti, akasoma barua yote taratibu, akagonga muhuri wa "IMEPOKELEWA" kwenye nakala yangu, akaandika tarehe kwa mkono na kusaini. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Hiyo nakala usiiache popote, mama." Nyota mbili ninazowapa kwenye maoni haya ni zake peke yake.

Zikapita wiki, kimya. Kisha simu. Safari hii shikamoo ilikuwepo, tena mbili. Bwana mmoja mwenye cheo ananiambia wamelipitia suala langu na vipande vyangu vya zamani havitakatwa kitu nikitoa. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nikajaza fomu, hela ikaingia benki kamili, bila longolongo. Nilikuwa nimeshaanza kuwafikiria nyota nne. Na kwa haki, huu mfuko ulinikuzia hela. Ada ya chuo ya mwanangu wa kwanza ilitoka humo, na hakuna siku niliyoomba hela nikaikosa. Ningeulizwa kabla ya ule ujumbe, ningemwambia kila mtu ajiunge.

Lakini nikakaa nikayafikiria maneno ya yule bwana. Alisema, "kwa suala lako, mama." Kwa suala langu! Ina maana ada hiyo kwa mwenye barua haipo, kwa asiye na barua ipo. Jirani yangu aliuza vipande vyake mwezi uleule kwa ajili ya matibabu ya mumewe, akakatwa asilimia 2 zote, na hakuna aliyempigia simu. Masharti yake ni yale yale ya kwangu, tulijiunga siku moja, kwenye meza moja. Kama makato hayakuwa halali kwangu, kwake yalihalalishwa na nini? Nilimuuliza yule bwana, akasema atanirudia. Hajanirudia.

Nyota nne nimezifuta. Zimebaki mbili za masjala.

Sikutoa hela zote. Nimebakiza vipande vichache kwa makusudi, ili niendelee kuwa mwenye vipande na kuwa na haki ya kuingia mkutano mkuu wa wawekezaji, niulize swali la ile nusu asilimia mbele ya watu. Na wewe kama unacho kipande kule, tafuta waraka uliojiungia nao, hata kama ni picha ya zamani kwenye simu, usome sehemu ya ada kabla hujaenda kaunta.

Barua ya jirani yangu tumeipeleka wiki iliyopita. Anadai arudishiwe makato yake, na nakala zimekwenda kulekule. Akirudishiwa, nitakuja kuongeza nyota hapa.