Pl@ntNet kwenye bustani za Unguja na Pemba: inalijua ua, ikionyeshwa jani pia

Pl@ntNet ni programu ya simu ya kutambua mimea kwa picha. Imetengenezwa na taasisi za utafiti za Ufaransa, zikiwemo CIRAD, INRAE, Inria na IRD, na ipo kwenye simu tangu 2013. Ni ya bure. Hapa tunaitazama kwa kazi moja tu: kutambua ua la uwani au la kwenye uzio ambalo mwenye nyumba halijui jina. Kwa kazi hiyo inastahili nyota nne kati ya tano. Na ile ya tano mara nyingi huipoteza mpiga picha.

Unapiga picha, unaieleza programu kama hilo ni ua, jani, tunda au gome, kisha picha inatumwa kwa intaneti na kurudi na orodha ya majina, kila moja na alama yake. Alama hiyo ni kiasi picha yako inavyolingana na picha ilizofundishiwa, wala si hukumu. Jina la kwanza likiwa na asilimia 90 na la pili 3, kuna la kushika. Likiwa na 34 na la pili 29, programu inakwambia haina hakika, na mtu anayebeba la kwanza na kwenda zake hajasoma jibu. Chini ya kila jina kuna picha za kulinganishia. Zifungue, kazi yenyewe iko hapo.

Kabla ya yote, angalia umechagua mimea ya eneo gani. Mtu wa Zanzibar atavutika kuchagua Afrika, na kwa mti wa porini ni sawa. Kwa maua ya bustani chagua mimea ya dunia nzima, kwa sababu mengi yanayopandwa majumbani ni wageni: bogonvilia na alamanda asili yao Amerika ya Kusini, langilangi limetoka Asia.

Mfano unaofundisha zaidi ni maua ya njano yenye umbo la tarumbeta, ambayo ukitembea mitaani utayaona kwenye kila uzio wa tatu. Yapo angalau matatu yanayochanganywa: alamanda (Allamanda cathartica), thevetia (Cascabela thevetia) na tekoma (Tecoma stans). Ukipiga picha ya ua peke yake, kwa mbele, yote ni njano na yote yana ncha tano. Teremka kwenye jani. Alamanda hutoa majani matatu au manne kutoka fundo moja, yamezunguka kijiti. Thevetia ina majani membamba marefu, moja moja, yanayopanda kijiti kwa mzunguko. Tekoma jani lake limegawanyika kuwa vijani kadhaa vyenye ukingo wa meno ya msumeno, na majani yenyewe yanakabiliana mawili mawili. Kisha vunja kikonyo: alamanda na thevetia hutoa utomvu mweupe, tekoma haitoi. Tunda nalo halidanganyi. La tekoma ni ganda refu jembamba lenye mbegu za mbawa, la alamanda lina miiba, la thevetia ni bonge la kijani linaloiva na kuwa jeusi.

Hili si la kujifurahisha tu. Mbegu ya thevetia ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na watoto huokota kila kitu. Baada ya kuvunja kikonyo chenye maziwa, nawa mikono kabla ya kugusa macho. Na jina lililotoka kwenye simu, hata kwa asilimia 99, lisitoshe kumfanya mtu achemshe majani anywe.

Kwa hiyo seti ya picha iwe hivi: ua kwa mbele, ua kwa ubavu mpaka kikombe cha chini kionekane, jani kwa juu na kwa chini, na fundo ambapo majani yanaungana na kijiti. Ya mwisho ndiyo inayosahaulika, nayo huamua mengi. Zote ziwe za mmea mmoja, na ziwekwe katika ulizo moja badala ya kuuliza mara tano.

Ua jeupe lina taabu yake. Asmini ikipigwa picha saa saba mchana hutoka kama doa la chokaa, kingo za petali hazionekani. Likinge kwa kivuli cha mkono, au subiri jua lishuke. Asmini yenyewe hufunguka jioni, na mchana nyingi bado ni tumba. Kusi likivuma, shika kikonyo kwa vidole na ugonge kioo cha simu palipo na ua, la sivyo kamera italenga ukuta wa nyuma. Kinachochanganywa na asmini ni muraya (Murraya paniculata), nacho cheupe na kinanukia. Jani la muraya limegawanyika na ukilifikicha linatoa harufu ya jamii ya ndimu. Stameni zake kumi, yaani vijiti vya chavua, ziko wazi. Asmini ya vikuba (Jasminum sambac) ina jani zima, na stameni mbili tu ndani ya mrija.

Asmini na haibiskasi za tabaka nyingi huvuruga hesabu yoyote, maana petali zimezidi idadi ya kawaida. Hapo usihesabu kitu, tegemea jani. Bogonvilia nayo: karatasi zile za rangi si petali, maua ni vile vijirija vyeupe katikati. Sogea karibu navyo.

Pa udhaifu ni mimea ya pwani yetu isiyopandwa kwingine, yenye picha chache za kulinganishia. Kwa kilua, tafuta mwenyewe Mkilua fragrans. Ni wa ukoo mmoja na langilangi na mstafeli, kwa hiyo programu ikikuletea jina la ukoo mwingine lina shaka.

Alama zikibaki chini, kata kitawi cha sentimita 30 chenye ua na majani, kibane katikati ya magazeti chini ya kitu kizito, na ubadilishe magazeti kila siku. Masika, ukichelewa siku mbili, ukungu umeshaingia. Andika siku hiyo hiyo rangi, harufu na mahali, kwani rangi na harufu hupotea mmea ukikauka. Kitawi cha namna hiyo mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anaweza kukifanyia kazi, hata kama picha zote zimeshindwa.