Madarasa ya Bustani ya Bure Mtandaoni: Lipi Linalijua Gugu Karoti?

Karibuni tena, wapenzi wa mchicha na maua. Leo sina mbegu wala mbolea ya kuwaonyesha. Napima madarasa ya bustani ya mtandaoni, yale ya bure, maana kila siku naulizwa lipi la maana na lipi linamaliza bando tu.

Kipimo changu nimekishika hapa. Ngoja nisogeze kamera. Glavu nimevaa kwa makusudi, mtaelewa. Tazameni jani: limechanwachanwa kama la karoti. Shina lina michirizi ya kwenda juu na vinyweleo vifupi. Kileleni vimaua vyeupe, vidogo kuliko kucha ya mtoto. Ndilo gugu karoti. Nyie wa Arusha mmeshalipita sana kando ya barabara, pengine mkadhani ni ua la porini tu.

Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Likishaota, wiki 4 hadi 6 tu linaweza kuwa na maua, na mmea mmoja unaweza kumwaga mbegu zaidi ya 10,000. Lina sumu inaitwa parthenini. Ukilishikashika ngozi inawasha na kupasuka, chavua yake inaamsha pumu, na ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu. Basi kila darasa nimeliuliza swali moja: mtu akimaliza kusoma, atalitambua hili likichomoza kwenye tuta lake la sukuma wiki?

Tuanze na FAO elearning Academy, ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Ni bure kweli, hakuna kuombwa kadi ya benki katikati ya safari, na kozi nyingi ukifaulu mtihani unapata cheti. Lakini zimeandikwa zaidi kwa maofisa na wataalamu, na nyingi ziko kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Bwana shamba na bibi shamba, zinawafaa. Mama mwenye ndoo zake za nyanya barazani atasinzia kabla ya somo la pili.

Madarasa ya vyuo vya Uingereza napita haraka. Yamepangwa vizuri, ila baridi yao si baridi yetu, na gugu lao kubwa limetoka Japani. Likionekana kiwanjani, benki inaweza kukunyima mkopo wa nyumba! Kwetu benki ina sababu nyingine.

Sasa Access Agriculture. Hapa nakaa kidogo. Ni maktaba ya video za kilimo, nyingi zina Kiswahili, na wanaoongea ni wakulima wenyewe, jembe mkononi. Unaweza kupakua video ukaangalia baadaye bila mtandao, au ukachukua sauti peke yake ukasikiliza huku unapalilia. Kuna mfululizo mzima wa kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi. Kiduha si mgeni, ni mwenyeji wa Afrika hii hii, lakini video zile zinakufundisha jambo ambalo madarasa ya maua hayagusi: mbegu ya gugu inakaa ardhini miaka na miaka ikikusubiri. Ukilielewa hilo kwa kiduha, umelielewa kwa gugu karoti pia.

Ya mwisho si darasa, ni programu ya simu: Pl@ntNet, kutoka Ufaransa. Unapiga picha, inakutajia mmea. Ushauri wangu: piga jani peke yake, kisha ua peke yake, kwa karibu, na usiridhike na jibu la kwanza. Mche mchanga usio na ua unachanganya programu yoyote ile, na watu pia. Ukibaki na shaka, mpelekee afisa ugani wa kata picha hizo hizo.

Lawama yangu kwa haya madarasa kwa ujumla: yanakufundisha kupanda, hayakwambii gugu limeingiaje. Linaingia na samadi ya kununua, na lori la mchanga wa ujenzi, na udongo wa kwenye viriba vya miche. Kuna darasa moja la ng'ambo, jina nalihifadhi, linakuhimiza upande lantana, kile kichaka cha maua, uvutie vipepeo. Lantana! Huku inavamia malisho. Na gugumaji nalo lilisambazwa duniani kama pambo la bwawa kabla halijafika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kwa hiyo nyongeza yangu ni hii. Gugu karoti ng'oa na mzizi, udongo ukiwa na unyevu, kabla halijatoa maua. Vaa glavu, mikono mirefu, barakoa. Likishachanua usilifyeke, mbegu zitatawanyika, na usilitupe kwenye shimo la mboji. Kata maua taratibu, yatie ndani ya mfuko, ufunge. Na sungura wako usimpe, hata akikutazama kwa huruma.

Alama: Access Agriculture nampa 8 kwa 10, FAO 6, Pl@ntNet 7. Mwenye bando dogo aanze na video za kiduha, azipakue usiku bei ikiwa nafuu. Video ijayo tunaingia kwa wauza miche wa kando ya barabara, nione viriba vyao vimebeba nini zaidi ya mche.