Miezi miwili ya kumtuma wakala wa akili mnemba akachote vipimo vya seva vya siku zilizopita: uzoefu wangu

Hifadhidata ilikufa saa tisa usiku. Kulipokucha nikamwandikia wakala: "Angalia RAM ya seva ya hifadhidata saa tisa usiku wa kuamkia leo, uniambie nini kiliila." Sekunde chache tu akajibu, kwa adabu zake zote, kwamba hali ilikuwa shwari, matumizi asilimia 41, hakuna dalili ya tatizo. Shwari ipi, wakati Linux yenyewe ilishaiua hifadhidata kwa kukosa RAM, na mimi simu ilishanitoa kitandani?

Nikafungua ombi alilolituma. Kumbe "saa tisa usiku" aliisoma 21:00. Juu ya hapo zana anayochotea vipimo inahesabu kwa UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zangu kwa saa tatu, kwa hiyo 21:00 yake ilikuwa saa sita usiku kwangu. Alikuwa ameniletea picha safi kabisa ya saa tatu kabla ya msiba. Tangu siku hiyo naandika 03:00 na mbele yake +03:00, yaani saa tatu mbele ya UTC. Saa za Kiswahili nawaachia binadamu wenzangu.

Zana yenyewe, jina kapuni, ni daraja tu. Upande mmoja ipo Prometheus inayokusanya vipimo, upande wa pili yupo wakala anayeongea nayo kwa MCP, ile itifaki ambayo Anthropic waliitangaza Novemba 2024. Wakala anaweza kuorodhesha vipimo vilivyopo, kusoma hali ya sasa, na kuchota vya nyuma kwa kutaja mwanzo, mwisho na hatua, yaani muda kati ya nukta moja ya kipimo na inayofuata. Kwa hali ya sasa haijaniangusha hata mara moja, sina la kuongeza. Matatizo yote yako huko nyuma.

Hiyo hatua ndiyo iliyonila muda kuliko kitu kingine. Nilimwomba aniangalizie foleni ya maombi kwa wiki nzima. Prometheus yangu inachukua kipimo kila sekunde 15, maana yake wiki moja ina nukta 40,320 kwa mfululizo mmoja tu (kipimo kimoja cha kitu kimoja), na Prometheus haitoi zaidi ya 11,000 kwa mfululizo katika ombi moja. Wakala akakataliwa. Hakuniuliza, akapandisha hatua hadi saa moja, akapata nukta zake mia na ushei, akaja kifua mbele: foleni haijawahi kuvuka maombi 30.

Mimi naijua foleni ile. Kila usiku, dakika ya ishirini baada ya saa nane, nakala rudufu ikianza, inajaa hadi mia tisa kwa dakika kama sita hivi, halafu inaisha. Ilikwenda wapi? Nilidhani hatua ya saa moja inatoa wastani wa saa hiyo, na ninahisi wengi mnadhani hivyo. Sivyo. Prometheus inachungulia saa nane kamili, inachungulia saa tisa kamili, na yaliyotokea katikati haiyagusi. Ni mlinzi anayepiga raundi moja kila saa, na mwizi wangu anahitaji dakika sita. Dawa ni kuomba max_over_time, amri ya Prometheus ya kutafuta kilele, yenye dirisha linalolingana na hatua, ili kila nukta ibebe kilele cha saa nzima. Nimeiandika kwenye maelekezo ya kudumu ya wakala na kosa hilo halijarudi. Lakini kwa nini niiandike mimi? Waliotengeneza daraja wangeweza kuliweka tangu mwanzo.

Lalamiko langu kubwa lakini ni jingine. Nilitaka kulinganisha mwisho wa mwezi huu na wa mwezi uliopita. Prometheus usipoigusa hutunza data siku 15 tu, kwa hiyo ya mwezi uliopita ilishafutwa. Ombi likarudi na neno "success" na mabano mawili matupu. Wakala akaandika: "Mwezi uliopita hakukuwa na hitilafu yoyote." Mtu akifungua grafu akakuta peupe anajua hapa hakuna data. Wakala haoni grafu, anaona mabano, na mabano matupu kwake ni habari njema! Niliwaandikia wenye zana, wakanijibu kwamba hilo ni kosa la modeli, yaani akili mnemba yenyewe. Sikubaliani nao. Sentensi moja tu ingetosha: data ya kabla ya tarehe fulani haipo.

Nimejitibu mwenyewe. Sasa lazima kwanza aangalie kipimo cha up, kinachoonyesha kama Prometheus iliifikia seva, katika muda ule ule kabla ya kusema lolote kuhusu utulivu. Utunzaji nao nimeupeleka siku 90. Niliogopa diski bure: mifululizo yangu 5,000, kwa baiti kama mbili kwa kila nukta, haifiki GB 6 kwa siku zote hizo. Ya mwezi ule ndiyo imekwenda, hairudi.

Na haki yake nimpe. Wiki iliyopita programu moja ilikuwa inaishiwa RAM kila baada ya siku kadhaa, nikamwomba achunguze siku kumi. Safari hii hakuishia kwenye vilele. Akachukua pia kiwango cha chini kabisa cha kila saa, kitu ambacho sikumwambia, akanionyesha kwamba sakafu ndiyo inayopanda: ikiwashwa upya inaanza MB 300, kisha inaongeza kama MB 40 kwa siku, haishuki hata usiku ambapo hakuna anayeitumia. Akataja na siku ilipoanza. Nikatazama kalenda: ndiyo siku tuliyopandisha toleo jipya. Mimi ningekaa na grafu zile mchana kutwa.

Basi naendelea nayo, ila ombi alilotuma nalisoma kabla ya jibu, kila mara. Nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza siku mabano matupu yatakapokuja na maelezo yake.